Mlinzi Asiyekula

Mzee Mushagalusa kaja tena asubuhi hii,
mara ya tatu tangu Pasaka,
gari likisukumwa na vijana wawili wa chukudu
juu ya mawe meusi ya Birere,
nami chai sijaimaliza.

"Kahindo, nilizima kila kitu.
Taa ya kitandani, friji, redio, hata kile kipanka.
Limekaa wiki mbili tu. Wiki mbili!
Betri imekufa."

Ni Hiace kuukuu. Miaka thelathini
alibeba magunia ya wenyewe hadi Butembo;
sasa anataka kulala njiani na mkewe
popote ziwa linapoonekana,
bila mtu wa kumwuliza mzigo umefika lini.
Amepigilia kitanda cha mbao za mkaratusi,
pazia la kitenge, ndoano ya sufuria.
Kila kitu kimekaa vizuri
ila waya, alizofunga kama mtu anayefunga mbuzi.

Nachomoa nguzo ya hasi, naunga kipimo katikati.
Sifuri, kama kweli kila kitu kimezimwa.
Namba inasita, inasimama:
sifuri nukta moja sita.
Nani anakunywa humu ndani?

Napapasa nyuma ya kiti cha dereva.
Kisanduku cheusi, kidogo kuliko kiberiti,
kina joto
kama shavu la mtoto anayeanza homa.

Rele. Ile aliyouziwa sokoni Virunga:
"Ya kulinda betri, mzee, haitakuangusha."
Kulinda inalinda. Lakini ili njia ibaki wazi
koili lazima ishikilie, na kushikilia ni kula,
usiku na mchana, karibu amperi nne kwa siku,
hadi betri ifike volti kumi na nusu.
Hapo ndipo inaachia, tak,
inafunga mlango wa ghala tupu.

Nakumbuka ghala la unga alikolinda baba.
Aliyemtangulia alichota kibakuli kila jioni,
kibakuli tu, mtu asife njaa kazini.
Wezi walipokuja hawakupata cha kuiba.
Baba aliajiriwa baada ya hapo.
Aligeuza ufunguo mara moja jioni,
mara moja asubuhi,
katikati akakaa tu, mikono kwapani, na baridi ya Goma.
Alirudi nyumbani bila vumbi jeupe hata kwenye kola.

Naweka mbili mezani.
Hii ya dola nne ni ndugu wa ile yako, mzee.
Hii ya ishirini na mbili ina sumaku ndani:
unaipiga pigo moja la umeme, inafunga,
pigo lingine, inafungua,
na kati ya pigo na pigo haiombi kitu.
Ila ina ukaidi wake, nisikufiche:
umeme ukiisha ghafla, inabaki ilivyokuwa.
Kwa hiyo tutaiamuru ikate mapema,
volti kumi na mbili kasoro kidogo,
betri ikiwa bado na pumzi ya kuwasha injini.
Na hapa pembeni kichunguzi, tone la umeme tu,
tone la kweli, si lile la kibakuli.

Anaigeuza mkononi. Anaiweka sikioni.
"Haingurumi."
Haingurumi.
"Haina joto. Una hakika inafanya kazi?"

Nifanyeje? Katika mji huu
tumewalipa walinzi wengi kwa sababu ya kelele zao.

Ametoa dola kumi na tano, nyingine mwisho wa mwezi.
Nimefunga, nimebana waya, fyuzi mpya karibu na nguzo.
Tak moja. Kisha kimya.
Kipimo kinasema sifuri, nukta, sifuri, sifuri, na nne
mbali kule mwishoni ambako haiumi.

Bado yumo garini, kiganja juu ya kisanduku kipya,
anasubiri kipate moto.
Sijamwambia aondoe mkono.
Chai imepoa. Nainywa hivyo hivyo.